Hodi ya Tatu

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko wangu. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, Unguja, na tangu hapo kalamu nimeishika kwa kutia saini na kuandika vitu vya kununua dukani. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama nguo kwenye kamba siku ya upepo, na kila nikifika penye "dh" au "z" nasimama kwanza, nalisema neno kwa sauti, na bado nalikosea. Mjukuu wangu alitaka mimi niseme tu na yeye apige kwenye kompyuta, lakini yeye Kiswahili anakisikia bila kukiandika, na ukimwambia neno anakujibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo naandika mwenyewe, polepole, juu ya meza ya jikoni hapa Rayners Lane, London, na chai yangu inapoa mara mbili kabla ya ukurasa kwisha. Mtakaokuta makosa nisameheni, msome kilichokusudiwa.

Kilichonifanya niandike ni arusi. Mwaka jana tulialikwa ukumbini, arusi ya wajukuu wa watu wa Unguja, na nilikuwa nimekaa pembeni na sahani yangu ya biriani, pale ninapopenda kukaa, karibu na mlango wa jikoni ambapo watu hawakuoni. Akaja mwanamke wa makamo, nywele fupi za mvi, kanzu nzuri ya rangi ya zambarau. Aliinama akaniuliza kwa Kiingereza chenye ulimi wa Kifaransa kama mimi ndiye yule msichana aliyepiga kelele uani kwao. Watu wa meza yangu wakacheka. Miaka yote wananijua, wanajua kwamba mimi hata nikiungua na sufuria siinui sauti. Wakamwambia amekosea mtu. Nikawaambia hajakosea. Yule alikuwa Nadia, na mara ya mwisho kumwona alikuwa mtoto mdogo aliyejificha nyuma ya sketi ya mama yake, mjini Lyon, mwaka ule ninaotaka kuuandika hapa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilikuwa nikikaa Southall katika nyumba ya Hassanali, mtu wa kwetu aliyetangulia kufika. Sitaki kueleza nilifikaje wala nani alibaki wapi, maana hadithi hiyo kila mmoja wetu anayo yake na zote zinafanana. Nitasema ya nyumba tu. Ilikuwa na vyumba vinne na watu wengi kuliko vitanda. Chumba cha juu mbele nililala mimi pamoja na Bi Rehmat, shangazi yake Hassanali, mjane wa miaka kama hamsini na kitu. Ukutani palikuwa na karatasi ya maua ya kahawia iliyobanduka pembeni kwa unyevu, na katikati ya vitanda vyetu viwili tuliweka hita ya mafuta ya taa. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya taa nasikia joto miguuni. Jikoni Zehra, mke wa Hassanali, alikuwa akichuja tui kutokana na nazi kavu ya pakiti iliyorowekwa maji ya moto, akilalamika kila siku kwamba hiyo ni kama kukamua karatasi. Muhogo ulipatikana mara mojamoja, mbali, na siku ukipatikana nyumba nzima ilikuwa na adabu mpaka uive. Siku nyingine tulikula viazi vya nazi, na Bi Rehmat alikuwa akisema viazi si vibaya, tatizo lao havina habari.

Mimi nilikuwa mtu wa haya, haya zilizopita kiasi. Nilifanya kazi kiwanda cha kushona makoti, na asubuhi na jioni nilipanda basi bila kusema neno. Nilimnyooshea konda hela kiganjani naye akachukua anachotaka, na nilishuka pale wanaposhuka wenzangu. Siku moja barabara ilifungwa, basi likapita kwingine, na badala ya kuuliza nilikaa kimya mpaka likaingia gereji na dereva akazima taa. Nyumbani walicheka wiki nzima. Bi Rehmat hakucheka. Yeye alikuwa na njia yake ya kukaa na mimi: tukiwa chumbani alisema yeye na mimi nikasikiliza, na hakuniuliza kwa nini sijibu. Nilijua kila pembe ya nyumba waliyozaliwa yeye na dada yake Kulsum, mjini Unguja, ngazi zake, uani kwake, paka wao aliyekuwa na jicho moja. Na wazee wao walizungumza Kikachi, lugha yao ya asili ya Kihindi, alisema, lakini wao wawili baina yao walicheza kwa Kiswahili, waligombana kwa Kiswahili, na waliota kwa Kiswahili. Kulsum alikuwa mkubwa kwa miaka kadhaa. Mama yao alikuwa mgonjwa, na Kulsum ndiye aliyemkosha mdogo wake, akamsuka, akampeleka chuoni kusoma Kurani na kumpokea. Kisha Kulsum akaolewa Majunga, Bukini, ndiyo Madagaska ya leo, akaenda na mumewe, na hawakuonana tena. Kutoka Majunga watoto wake wakahamia Ufaransa, nao wakamchukua.

Barua ya Yusuf, mtoto wa Bi Kulsum, ilifika majira ya baridi, zile siku umeme ulipokuwa ukikatwa kwa sababu ya mgomo wa wachimba makaa, tukala jioni kwa mshumaa. Hassanali aliisoma jikoni kwa sauti, ameiinamisha kwenye mwanga. Yusuf aliandika kwamba mama yake miguu imekufa nguvu, na akili nayo inaondoka kidogokidogo. Kwanza kilimtoka Kifaransa, ambacho hakikuwa kingi. Sasa Kikachi nacho kinamtoka. Kilichobaki ni Kiswahili cha utotoni, na nyumbani hakuna anayekijua, si yeye Yusuf wala mkewe wala mtoto wao. Anasema siku nzima na hawamwelewi. Jina moja tu wanalitambua, Rehmat. Kama mama mdogo anaweza kuja, aliandika, aje sasa, kabla jina lake nalo halijasahauliwa.

Bi Rehmat alikuwa akimenya viazi. Aliendelea kumenya mpaka kile cha mkononi kikaisha, akakitia majini, ndipo akasema atakwenda. Hapo maneno yakaanza. Zehra alisema amesikia kwa watu kwamba ukitoka Uingereza na pasipoti zetu hizi huruhusiwi kurudi, unaachwa bandarini kama mzigo. Mwingine akasema hapana, ukiwa na muhuri wa kukaa unarudi. Wakabishana mpaka mshumaa ukapungua. Bi Rehmat aliwaacha wamalize, kisha akasema atanichukua mimi, kwa sababu kiwanda kwa ajili ya umeme kilikuwa kinafanya kazi siku chache tu kwa wiki, na wengine wote wana shughuli.

Hassanali akacheka. "Shangazi, huyu ukimpoteza Ufaransa atasimama hapohapo mpaka aote mizizi. Hatouliza mtu."

"Na wewe unayeuliza kila mtu," akasema Bi Rehmat, "juzi treni ilikufikisha wapi?"

Watu wakaangua kicheko, maana juzi Hassanali alisinzia kwenye treni ya kutoka Paddington akapitiliza mpaka Slough.

Basi tukaenda. Viza tulizopewa zilikuwa za siku chache, na siku moja ililiwa na upepo: meli ilizuiliwa Dover, tukalala kwenye mabenchi, na Bi Rehmat, aliyekataa kukaa ndani kwa harufu ya mafuta, alipigwa na baridi ya sitaha njia nzima. Alipofika Paris sauti ilikuwa inakwaruza. Alipofika Lyon, jioni ya siku ya pili, sauti ilikuwa imekwisha kabisa, kilichobaki ni kama karatasi ya kusugulia mbao. Yusuf alikuwa amekuja kutungojea jana yake, kama tulivyokuja kujua, akangojea mpaka alipolazimika kwenda kwenye lori lake. Sisi tulisimama nje ya kituo na begi moja, kapu la halua na visheti vya Zehra, na bahasha yenye anwani.

Leo wajukuu zangu wakienda mji wa watu wanaangalia simu, na simu inawaambia kata kushoto. Nawaonea wivu kidogo na nawahurumia kidogo. Sisi tulimwonyesha askari bahasha naye akaonyesha kwa mkono: vuka mto. Tukavuka daraja. Mto ulikuwa wa kijani kizito, na ng'ambo yake nyumba ndefu zimebanana chini ya mlima, rangi ya manjano iliyochoka na rangi ya waridi, madirisha mengi, moshi juu. Tukaingia njia nyembamba za mawe na Bi Rehmat akasimama. Nilidhani amechoka. Kumbe alikuwa anatazama. Njia zilikuwa nyembamba kiasi cha watu wawili na baiskeli, zinapinda bila sababu, milango ya mbao mizito ina nyundo za shaba, nguo zimeanikwa juu kutoka dirisha mpaka dirisha. Akaniambia kwa ile sauti ya msasa kwamba mtu angemfunika macho na kumfunua hapa, ukiondoa baridi, angeulizia njia ya Forodhani, Unguja. Na kweli tangu pale hakutaka tena kutembea kama mgeni. Alitembea katikati ya njia, akawapisha wazee, akawaamkia kwa kichwa wanawake waliokaa milangoni, nao wakamwitikia.

Nambari tuliipata. Ulikuwa mlango mkubwa umefungwa. Bi Rehmat akajitengeneza mtandio, akagonga, akapiga hodi. Hodi yake haikupita hata ubao wa mlango. Akangoja kama inavyotakiwa, akapiga ya pili, akangoja, akapiga ya tatu. Hakuna aliyeitika. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na begi. Akageuka.

"Tumebisha mara tatu," akasema. "Basi."

Wasomaji wangu mnajua, lakini vijana wetu hawajui, kwa hiyo nitaeleza. Sisi tulilelewa hivi: nyumba ya mtu unaibishia hodi mara tatu, na usipoitikiwa ya tatu unaondoka, wala huchungulii, wala hugongi kama polisi. Mwenye nyumba ana sababu zake. Bi Rehmat alikuwa amevuka bahari kwa ajili ya mlango ule, na akauacha kwa adabu. Tukiwa tunaondoka alikuja mwanamume na mkate kwapani, akausukuma mlango kwa bega, akaingia bila kusema kitu. Nilimwonyesha Bi Rehmat. Akasema huyo ni mwenyewe. Mara akaja mwanamke na mbwa, naye akasukuma akaingia. Bi Rehmat akasema familia kubwa.

Tulilala nyumba ya wageni karibu na kituo, kitanda kimoja, mto mrefu kama gunia. Treni yetu ya kurudi ilikuwa keshokutwa yake asubuhi, maana viza ilikuwa inakwisha. Bi Rehmat alikunywa maji ya moto na asali, akaniambia habari za paka wa jicho moja, nusu ya maneno hayakutoka, lakini hadithi nilikuwa naijua, nikamsikiliza vilevile.

Asubuhi tulirudi mapema na mlango ulikuwa umefungwa kama jana. Jirani yake palikuwa na duka la mikate, na mwenye duka, mama mnene mwenye aproni, alituona tumesimama kwenye baridi muda mrefu. Akatoka, akatazama bahasha, akatusukumia mlango kwa mkono wake mwenye unga na kutuonyesha kwa vidole viwili kama miguu inayotembea: piteni, piteni. Ndani palikuwa na ukumbi mwembamba, giza, dari ya mawe iliyopinda. Bi Rehmat alisita kizingitini. Kisha akafanya lile ambalo angelifanya kwenye nyumba yoyote ya mtu wa heshima. Akavua viatu. Nami nikavua. Tukavishika mkononi, tukaingia kwa soksi juu ya mawe baridi kama barafu, yeye mbele akinong'ona hodi, hodi, mimi nyuma. Tukatokea uani. Ulikuwa uwanja mdogo na kisima kilichofunikwa, na mnara wa ngazi ya kuzunguka, na roshani juu ya roshani mpaka uone kipande cha mbingu. Hapakuwa na mtu. Mbele tuliona mlango mwingine na ukumbi mwingine, tukadhani sebule iko huko. Tukapita, tukapita, tukasukuma mlango wa mwisho, na tukajikuta barabarani.

Barabara nyingine kabisa. Watu wanapita, gari la maziwa limesimama, na sisi wanawake wawili tumetoka kwenye nyumba ya watu tumeshika viatu mkononi. Bwana mmoja alivua kofia kutusalimia, na nafikiri alifanya hivyo kwa sababu hakujua afanye nini. Baadaye Yusuf alitueleza kwamba katika mji ule nyumba nyingi za kale zimetobolewa hivyo, unaingia barabara hii unatokea ile, na wenyeji hupitia ndani ya majumba kama sisi tunavyopita vichochoro, na zamani wafumaji wa hariri walipita humo na majora yao mvua isiyalowe. Kila mtu anapita. Hakuna anayebisha. Lakini wakati ule sisi hatukujua, na Bi Rehmat alitazama viatu vyake, akanitazama mimi na vyangu, akaanza kucheka. Alicheka bila sauti, maana sauti hakuwa nayo, mabega yanatikisika, mpaka akakaa kwenye ngazi ya duka la watu na kujifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Nami nikacheka. Kisha nikaona kwamba machozi yanaendelea na kicheko kimekwisha.

"Tumepita chini ya dirisha lake, mwanangu," akasema. "Au hatukupita. Sijui hata hilo."

Alisema dada yake yuko kule ndani mahali fulani, amekaa, na kesho asubuhi sisi tumeondoka, na wakati mwingine tukija, kama tutapewa ruhusa tena na kama hela itapatikana, atakuwa hayupo hata akiwa hai. Akasema mtu wa pekee aliyebaki anayejua kwamba yeye aliwahi kuwa mtoto ni yule. Hakuyasema kwa kulalamika. Alikuwa anavaa kiatu, akihangaika na kifungo.

Tulirudi kwa njia ileile, ukumbi, giza, mpaka uani. Safari hii hatukupita. Tulisimama karibu na kisima. Kulikuwa na masanduku ya barua ukutani, lakini majina yalikuwa yamefutika, na mengine hayakuwa na jina. Milango ya juu ilikuwa mingi, na Bi Rehmat hakuwa mtu wa kugonga kwa wanaume asiowajua. Akafungua mdomo apige hodi. Haikutoka hata ile ya msasa. Akajishika koo, akajaribu tena. Kisha akanitazama.

Hakuniambia nipige. Ningependa hilo lieleweke. Alinitazama tu, kama alivyonitazama usiku mwingi akinisimulia bila kunidai jibu. Nikasikia uso unawaka kwa haya, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuniona. Nikasema hodi. Ilikuwa hodi ya mtu anayeomba radhi, ilifika kwenye kisima ikafia hapo. Tukangoja. Dirisha moja lilifunguliwa, mkono ukakung'uta kitambaa, likafungwa. Nikapiga ya pili. Hii ilipanda kidogo, nikaisikia inagonga roshani ya kwanza, na njiwa mmoja akahama. Tukangoja tena. Na hapo nikajua kwamba imebaki moja. Kwa adabu yetu imebaki moja, na Bi Rehmat ni mtu wa adabu. Nikiipiga vibaya hii atageuka kama alivyogeuka jana, ataniambia basi, na tutaondoka tukiwa watu wenye heshima zao.

Nikaweka begi chini. Nikaweka na kapu. Nikainua uso kwenye kile kipande cha mbingu na nikapiga kelele kwa nguvu zote nilizokuwa nimeziweka tangu kuzaliwa, za kwenye mabasi, za kiwandani, za gereji. "Hodi!" Ilizunguka mnara wa ngazi ikapanda, njiwa wote wakaruka, milango ikafunguliwa roshani zote, vichwa vikatoka, mtu akasema kitu kwa Kifaransa kwa hasira. Kisha kila kitu kikanyamaza, na kutoka juu kabisa, nyuma ya dirisha lililo wazi kidogo, sauti ya mwanamke mzee ikaitika, taratibu kabisa, kama mtu aliyeko jikoni kwake anayeita bila kuacha kazi.

"Karibu."

Bi Rehmat alishakuwa kwenye ngazi. Sikumbuki kama nilichukua begi. Nakumbuka kwamba chini ya ngazi alivua tena viatu, na alipanda ile ngazi ya kuzunguka akiwa ameshika viatu mkono mmoja na ukuta mkono mwingine, na mimi nyuma nikisikia pumzi zake. Mlango wa juu ulikuwa umefunguliwa na mke wa Yusuf, kijana mwembamba, amefunga aproni, mshangao umemjaa usoni, na nyuma yake mtoto, Nadia, jicho moja tu linaonekana. Harufu ya vitunguu na kisibiti. Chumba kidogo, meza yenye kitambaa cha plastiki, na kando ya dirisha, kwenye kiti chenye blanketi, Bi Kulsum. Alikuwa mdogo, mdogo mno, na pua ya Bi Rehmat.

Bi Rehmat hakuingia. Alisimama kizingitini. "Dada," akasema, na ilitoka kwa shida.

Bi Kulsum alimwangalia kwa upole, kama unavyomwangalia mgeni aliyetumwa na mtu. "Mnamtaka nani?"

"Mimi Rehmat."

"Rehmat yuko chuoni," akasema Bi Kulsum. "Hajarudi."

Sikuweza kumtazama Bi Rehmat. Nilitazama kitambaa cha meza. Nilijua kwamba ndani ya mkoba wake kuna picha ya wazazi wao, na picha yao wawili kwenye ngazi, alizoziandaa ili amwonyeshe na kumweleza: miaka ile, Majunga, mimi London, mumeo alikufa, mume wangu alikufa. Nikangoja aufungue mkoba. Hakuufungua. Aliinama, akaweka viatu vyake kando ya mlango, akavilinganisha kimoja na kingine, ndipo akaingia.

"Nimerudi, dada," akasema.

Bi Kulsum akamtazama miguu. Akavitazama viatu pale mlangoni vilivyopangwa vizuri. Uso ukakunjamana kidogo, kama wa mtu aliyengoja sana na sasa anataka kugomba.

"Mbona leo umechelewa? Chakula chako nimekufunikia."

Na kwenye meza ilikuwapo sahani, imefunikwa na sahani nyingine. Jioni Yusuf aliporudi na kutukuta, na kulia, na kucheka, alitueleza kwa Kikachi kwamba kila siku asubuhi mama yake hutenga sahani moja ya chakula kilicholala, huifunika, na yeyote anayeigusa humgombeza. Wao walidhani ni ya marehemu baba yao. Mkewe huimwaga usiku, mama akishalala. Lakini hayo tuliyajua baadaye. Wakati ule Bi Rehmat alivuta kiti, akafunua ile sahani, dengu na viazi vimeshapoa na kushikana, akala kwa mkono mpaka mwisho, huku dada yake akimwangalia kila tonge na kumwambia taratibu, hakuna anayekufukuza. Mimi nilikaa kwenye ngazi na Nadia akaja kukaa karibu nami. Nikampa kisheti.

Alfajiri tuliondoka. Bi Kulsum alimfunga dada yake mtandio chini ya kidevu na kumwambia asicheze njiani. Hawakuonana tena. Bi Rehmat aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo tulikaa nyumba moja, mpaka nilipomzika. Watu wakimuuliza kama dada yake alimtambua, alijibu kwamba alimgombeza, na hakuongeza.

Hayo ndiyo niliyomwambia Nadia arusini, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, karibu na mlango wa jikoni. Alikuwa ameishi maisha yake yote na kumbukumbu ya bibi aliyesema maneno ambayo hakuna aliyeyajua. Aliniomba nimwambie tena lile neno nililopiga kelele, na lile aliloitikia bibi yake, akayarudia yote mawili mpaka yakakaa ulimini. Kisha akaniomba niyaandike haya, nami nimeyaandika.

Sasa nawaomba na ninyi. Wako wengi wetu waliotawanyika, London, Leicester, Toronto, Lyon, Muscat, na kila mmoja ana mwaka wake mmoja kama huu. Niandikieni. Jumuiya itanifikishia. Andikeni kwa Kiswahili hata kama ni kibovu kama changu, "dh" mahali pa "z", sitacheka. Mlango wangu una tundu la barua, na asubuhi huwa nimekaa hapa jikoni nikisikiliza. Msingoje mpaka mtu apige kelele. Hapa naitikia hata ya kwanza.